Kimbunga kina nguvu gani, na kinaelekea wapi? Jibu kwa wabishi wa Malindi

SWALI: Salaam aleikum, mwalimu. Sisi ni kikundi cha watu tunaofuatilia hali ya hewa kwa mapenzi tu, tunakutana jioni hapa Shela, Malindi. Tangu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hatujaelewana. Mmoja wetu anashikilia kwamba tuliponea chupuchupu, na ana picha ya ramani yenye mstari ulioingia Malindi moja kwa moja. Mwingine asema ulikuwa upepo tu, tukatiwa hofu bure. Wa tatu kila akifungua programu nyingine kwenye simu anakuta kasi nyingine, hajui ashike ipi. Na ami yangu, nahodha wa siku nyingi, asema kimbunga hakijapata kuja Malindi wala Lamu na hakitakuja. Nani mkweli? Na msimu ujao tukibishana tena, tutazame nini?

JIBU: Waaleikum salaam. Nianze na huyo wa programu nyingi, maana shida yake ndiyo nyepesi kuimaliza.

Kasi ya upepo wa kimbunga ni wastani wa muda fulani, na muda huo si mmoja kwa vituo vyote. Kituo chenye dhamana ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni cha Météo-France, kiko kisiwani Réunion, na chenyewe huchukua wastani wa dakika 10. Wanajeshi wa Marekani wana kituo chao, JTWC, nacho huchukua wastani wa dakika 1. Katika dakika 10 upepo hupanda na kushuka mara nyingi, kwa hiyo wastani wake hulala chini; katika dakika 1 unaweza kuikuta ile ya ukali peke yake. Ndiyo maana namba ya Wamarekani karibu kila mara iko juu kwa asilimia kumi hivi. Halafu kuna programu zinazopenda kuonyesha dharuba, yaani mpigo wa sekunde chache, ambao unazipita namba zote mbili kwa mbali. Kimbunga kilekile, saa ileile, kinaweza kuandikwa kilomita 120, 133 na 170 kwa saa, na asiwepo aliyesema uongo. Mwingine naye ataandika noti badala ya kilomita, msomaji asitazame, ubishi ukaanza upya. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa.

Majina ya ngazi nayo yanachanganya. Kwa Réunion, upepo ukifika kilomita 63 kwa saa ni dhoruba ya wastani, 89 ni dhoruba kali, 118 ni kimbunga, 166 ni kimbunga kikali, na zaidi ya 212 ni kikali sana. Lile "kundi la 1 mpaka la 5" mnalolisikia kwenye taarifa za habari ni ngazi ya Wamarekani, inayokwenda na wastani wa dakika 1. Mtu akichukua kasi ya Réunion akaipachika kwenye ngazi ya Wamarekani, atakishusha kimbunga bila kujua. Hidaya kiliuvuka mstari wa 118 kwa kipimo cha Réunion chenyewe. Kwa hiyo rafiki yenu anayesema ulikuwa upepo tu, hapo hana hoja: kilikuwa kimbunga kamili. Ila kiliuvuka mstari huo kikiwa baharini, mashariki mwa Tanzania, na kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kilikuwa kimeshapungua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hakuna aliyekwenda kukipima. Kwenye Atlantiki Wamarekani hurusha ndege zikaingia ndani ya kimbunga. Huku kwetu hakuna ndege hizo. Mtabiri hukaa mbele ya picha za setilaiti akatumia mbinu aliyoitengeneza Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970: mawingu yamejisokota kiasi gani, jicho limefunguka au bado limezibwa, vilele vya mawingu vina baridi kiasi gani. Hutoa alama kuanzia 1 mpaka 8, kisha alama hugeuzwa kuwa kasi ya upepo. Watabiri wawili waliobobea wakitazama picha moja wanaweza kupishana nusu alama, na nusu alama inatosha kukitoa kimbunga ngazi moja kukipeleka nyingine. Zipo pia setilaiti zenye rada zinazousoma upepo kutokana na msukosuko wa uso wa maji, lakini hazikai juu yetu. Hupita tu, na mara nyingine zikapita pembeni zikakikosa kitovu. Nawaeleza haya ili mtu asije akagombana na mwenzake kwa tofauti ya kilomita kumi. Tofauti hiyo iko ndani ya macho ya mtazamaji.

Tena, kwa mtu aliyekaa Malindi, hata namba ikiwa sahihi kabisa haimwambii la maana. La maana ni hili: kitovu kiko upande gani wangu?

Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Chukueni kijiti mchore duara mchangani, juu kuwe kaskazini, na katikati yake ndiyo Mafia. Malindi iko kaskazini ya hapo, kilomita kama 500. Sasa fuateni mishale ya saa: upande wa juu wa duara upepo unakwenda mashariki. Kwa Malindi huo ni upepo unaotoka bara kwenda baharini. Unayasukuma maji mbali na ufuo, na unatoka nchi kavu, haukubeba unyevu wa bahari. Shukeni upande wa chini wa duara. Hapo upepo unakwenda magharibi, unatoka baharini kuingia bara, umejaa mvua na unayabeba mawimbi. Upande huo wa chini ndiko Kilwa na Lindi. Na mkumbuke Hidaya kiliuma wapi: mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga, wilaya ya Kilwa. Kusini ya kitovu, kama duara linavyosema.

Kwa hiyo mstari unaoingia bara kusini yenu, uwe Mafia, Tanga au hata mpakani Vanga, unawaweka nyie wa Malindi upande wa nafuu. Kimbunga cha kuiumiza Malindi kweli kweli ni kile ambacho kitovu chake kinapita kaskazini yenu, tuseme kati ya Kipini na Lamu, nyie mkabaki upande wake wa kusini. Na cha kuiumiza Lamu ingebidi kipite Kiunga au Ras Kamboni, ambako ikweta iko chini ya kilomita 200. Hapo ndipo hoja ya ami yako inapoingia, nitaifikia.

Kabla ya hapo, neno "nafuu" lisieleweke vibaya. Mawimbi marefu hayangoji upepo wa mahali. Yanazaliwa karibu na kitovu, yanasafiri mamia ya kilomita, yanafika kwenye mwamba wenu yakiwa na nguvu hata kama Malindi kwenyewe jani halitikisiki. Upepo wa bara nao una hila yake: unalaza maji ya karibu na ufuo, mtu akitazama kutoka jeti anaona bahari laini, kumbe nje mwamba unaunguruma. Mwenye ngalawa akitoka akavunjikiwa foromali au injini ikamzimikia, upepo uleule unampeleka mashariki, kwenye kilindi, hakuna kisiwa cha kumzuia. Basi hata siku ambazo kimbunga kiko upande wenu mzuri, amri ya kutotoka baharini ina sababu. Serikali ilipozuia shughuli za ufukweni na uvuvi siku zile za Hidaya, wengi walinung'unika kwa sababu jua lilikuwa linawaka. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sawa.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji simu. Simama mahali pa wazi, mbali na majumba, upe upepo mgongo. Kusini mwa ikweta, mgandamizo mdogo, ambao ndio kitovu chenyewe, uko mkono wako wa kulia na mbele kidogo. Upepo ukitoka magharibi unatazama mashariki, kitovu kiko kusini-mashariki yako. Ukitoka kusini unatazama kaskazini, kitovu kiko upande wa bahari. Karibu na ikweta kanuni hii hulegea, na Mei ina mtego wake, kwa sababu kusi ya kawaida yatoka kusini na kusini-mashariki hata kama hakuna kimbunga popote. Kwa hiyo msitazame upepo wa leo peke yake, tazameni mabadiliko. Umande, yaani upepo wa nchi kavu, hutoka bara usiku na alfajiri, jua likipanda unakufa, kusi ikashika. Mchana wa Mei kusi ikikatika, upepo wa magharibi ukavuma saa nane kweupe na ukaendelea, hapo kuna kitu kinachouvuta kule baharini kusini yenu. Ami yako bila shaka anaijua dalili hiyo kuliko mimi, pengine kwa jina jingine.

Sasa huyo ami. Ana haki robo tatu.

Kinachokifanya kimbunga kizunguke ni mzunguko wa dunia, na msaada huo unapungua kadiri unavyoikaribia ikweta, mpaka kwenye ikweta yenyewe ukawa sifuri. Malindi iko nyuzi 3.2 kusini. Ukipiga hesabu, msaada wa mzunguko Malindi ni kama asilimia 40 ya ule wa Mafia, na moja ya sita tu ya ule wa Beira, Msumbiji, mji uliopigwa na Kimbunga Idai Machi 2019. Lamu, kwenye nyuzi 2.3, ni chini zaidi. Hewa inayokimbilia kwenye mgandamizo mdogo huku kwetu inaelekea kuujaza badala ya kuuzunguka. Ndiyo sababu vitabu husema vimbunga kwa kawaida havizaliwi ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Tena kimbunga kilichokwisha kuzaliwa kina tabia ya kujivuta chenyewe kuelekea kusini-magharibi, yaani mbali nasi, kwa sababu ya namna mzunguko wa dunia unavyobadilika kati ya ubavu wake wa kaskazini na wa kusini. Watu wengi hudhani kinachotukinga ni maji ya baridi. La. Machi na Aprili bahari yetu ina joto la kutosha kabisa, zaidi ya nyuzi 26.5 zinazohitajika. Joto tunalo, mzunguko ndio hatuna.

Na rekodi inamuunga mkono: katika zama za setilaiti hakuna kimbunga kilichoingia bara Malindi au Lamu kikiwa bado na nguvu za kimbunga kamili.

Robo iliyobaki ndiyo ile "hakitakuja". Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sayyid Barghash, merikebu zikavunjika bandarini na mashamba ya mikarafuu na minazi ya Unguja yakaangushwa. Zanzibar iko nyuzi 6, na kabla ya siku ile wazee wa huko wangesema maneno yaleyale ya ami. Lindi ilipigwa 15 Aprili 1952. Kenneth, Aprili 2019, kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa mpaka wa Tanzania, baada ya kufika kilomita 215 kwa saa kwa kipimo cha Réunion, sehemu ambayo haikuwa na mazoea ya vimbunga vya ukali huo. Na mwaka 2001 dhoruba Vamei ilizaliwa karibu na Singapore kwenye nyuzi 1.4 tu kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo darasani tulikuwa tukifundishwa kwamba haiwezekani. Hayo ni matukio machache mno, siyatumii kuwatisha. Lakini mtu akisema haijapata kutokea anasema habari ya jana. Akisema haitatokea, huyo sasa anatabiri, na utabiri una masharti yake.

Tuje kwenye picha ya mstari ulioingia Malindi. Nimeshaona picha za namna hiyo nyingi, na karibu zote zina asili moja. Modeli kubwa za utabiri, yaani hesabu za anga zinazofanywa na kompyuta, haziendeshwi mara moja. Ile ya Ulaya, ECMWF, huendeshwa mara 50 na zaidi kwa wakati mmoja, kila mara hali ya kuanzia ikibadilishwa kidogo sana, kwa sababu hakuna anayeijua hali ya bahari na anga kila mahali kwa ukamilifu. Zinatoka njia hamsini na kitu, nyingi zimekusanyika, chache zimetawanyika. Mtu hukata mstari mmoja wa pembeni kabisa, ule unaopita mjini kwao, akaandika juu yake "kinakuja". Mstari ule peke yake si utabiri wa mtu yeyote. Utabiri ni lile kundi zima: limebanana au limetawanyika, na kutoka asubuhi hadi jioni linasogea upande gani. Rafiki yako akija tena na picha, muulizeni mambo mawili tu: ni ya saa ngapi, na mistari mingine iko wapi.

Ile koni inayochorwa mbele ya kimbunga nayo husomwa vibaya. Watu huona imetanuka wakadhani kimbunga kitakuwa kikubwa. Koni ni mahali ambapo kitovu kinaweza kupita. Hutanuka kwa sababu makosa ya utabiri huongezeka kadiri siku zinavyokwenda mbele: siku moja mbele ni makumi ya kilomita, siku tano mbele ni mamia. Upepo, mvua na mawimbi vinatoka nje ya koni bila kuomba ruhusa. Kwa upande mwingine, mji ulio ndani ya koni siku tano kabla, mara nyingi sana hauoni kitu.

Na hapa nina ugomvi nanyi nyote. Mnabishana nguvu kivyake na njia kivyake, kana kwamba ni mada mbili. Dhoruba changa ni fupi, mawingu yake hayajapanda juu, kwa hiyo inabebwa na upepo wa chini. Aprili na Mei upepo huo wa chini ni kusi, nayo inaisukuma magharibi na kaskazini-magharibi, yaani upande wetu. Kimbunga kilichokomaa ni kirefu kama mnara, kinashikwa na upepo wa tabaka la kati na la juu, hasa ule wa pembezoni mwa mgandamizo mkubwa uliolala kusini, na huo unaweza kukipeleka kwingine kabisa. Upepo wa juu ukienda upande tofauti na wa chini, mnara unapinda, mvua zinaachana na kitovu, kimbunga kinadhoofika, kisha kinarudi kubebwa na upepo wa chini. Kwa hiyo anayesema "kitakuwa dhaifu na kitageukia kusini" na anayesema "kitakuwa kikali na kitanyooka kwetu" lazima kila mmoja aeleze ni upepo wa tabaka gani unaofanya kazi hiyo. Asipoweza, anabahatisha. Jobo cha Aprili 2021 ni mfano mzuri: kilielekea Tanzania, watu wa Dar es Salaam wakajiandaa, nacho kikazidi kudhoofika njiani, kilipoikaribia pwani kilikuwa mabaki. Maonyo yalikuwa sahihi kwa njia, nguvu ndiyo iliyokwisha.

Kuhusu hofu bure. Mei 2024 ilikuwa na balaa mbili kwa pamoja na watu wamezichanganya. Mvua za masika zilikuwa zimeshaua zaidi ya watu 200 nchini Kenya kabla Hidaya hakijafika popote. Mto Sabaki ulipofurika, maji yale yalitoka juu, mito ya Athi na Galana, hata mvua za Nairobi huishia mlangoni mwenu, kaskazini ya mji. Tana nao ulikuwa na yake. Tarehe 3 Mei rais alipoahirisha kufunguliwa kwa shule alizitaja mvua na kimbunga pamoja, na tangu hapo katika vichwa vya watu vikawa kitu kimoja. Maji ya Sabaki hayakuletwa na Hidaya. Hata ningesema kinyume ndicho cha kawaida: kimbunga kikikaa kwenye mlango bahari wa Msumbiji huvuta unyevu kuelekea kwake, na masika huku huchelewa, kama ilivyokuwa Machi 2019 wakati wa Idai. Kikikaa mashariki mwa Madagascar mambo hugeuka, upepo wa kutoka Kongo ukapata nafasi, mvua zikaongezeka bara. Hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa niwape la kubishania lenye thamani. Mmeshughulika na Hidaya mkakisahau Ialy, kilichokuja wiki chache tu baadaye, Mei ileile. Ialy kilipita kati ya Madagascar na pwani yetu kikipanda kaskazini-magharibi, kikafifia baharini. Rudini kwenye duara la mchangani: safari hii kitovu kiko mashariki, nyie mko ubavu wa magharibi, ambako mishale ya saa inapanda kaskazini. Upepo wake unatoka kusini, upande uleule wa kusi. Haukuipinga kusi kama ilivyokuwa kwa Hidaya, uliiongezea.

Tazameni na mwezi. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1, mwezi mwandamo tarehe 8. Maana yake maji yalikuwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Ialy kilikuwa baharini tarehe 20, 21, 22, na mwezi mpevu ulikuwa tarehe 23. Bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kupita siku nyingine. Pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, ilhali mgandamizo wa hewa ukishuka kwa kipimo kimoja cha hektopaskali, bahari huinuka sentimita moja tu. Kimbunga cha wastani kikipita karibu kitainua maji theluthi ya mita mpaka nusu mita kwa njia hiyo, ukiacha ya upepo. Kwa hiyo kwenu, tarehe ya mwezi inaweza kuwa na uzito kuliko kundi la kimbunga. Dhoruba isiyo na sifa, ikija saa ya maji kujaa siku ya bamvua na kusi nyuma yake, inaingia mahali ambapo kimbunga kikubwa cha maji mafu hakiwezi kufika. Na kwa wenzetu wa Lamu, ambako bamvua peke yake huyafikisha maji karibu na usawa wa njia ya mbele ya mji, hesabu hii ni ya kufanya kila mara jina jipya linapotangazwa.

Msimu ujao, basi, kimbunga kikitajwa, fungueni kwanza taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa sababu ndiyo inayosema habari za pwani ya Kenya. Kituo cha Réunion kinasema habari za kimbunga, na hivyo ni vitu viwili. Taarifa ya Tanzania isomeni pia, maana yanayofika Tanga na Pemba yako karibu nanyi kuliko mpaka unavyoonyesha. Andikeni mahali kitovu kilipo, si kasi, mara mbili kwa siku. Chini yake andikeni upepo unaovuma Malindi unatoka wapi, na maji ni ya bamvua au mafu. Mkifanya hivyo kwa jina moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtakuwa na karatasi ambayo hata mimi ningependa kuiona, kwa sababu vipimo vya mtu aliyesimama ufukweni Malindi wakati kimbunga kiko Mafia ni vichache mno.

Na kwa kuwa ami yako ana chombo, mwambie hili, hata kama hataki kusikia neno kimbunga. Mei vyombo vyote hufungwa kwa hesabu ya kusi: nanga upande wa kusini, nafasi ya kuyumba upande wa kaskazini, jirani amepangwa hivyohivyo. Kitovu kikiwa kusini na upepo ukahamia magharibi, kila chombo kinageuka kuelekea baharini, na hakigeuki sawa na mwenziwe. Mashua yenye tanga inakwenda hivi, boti ya faiba nyepesi inakwenda vile, kamba zinapishana. Ukisikia kitovu kinaelekea Tanga au Mafia, nanga ya pili iwekwe upande wa bara kabla ya giza. Ukisikia kinapanda mashariki yenu kama Ialy na mwezi unakaribia kumi na tano, nanga ya pili haitoshi, chombo kiingizwe kwenye mkono wa bahari Kilifi au kipwelezwe juu kabisa, juu ya mstari wa takataka za bamvua iliyopita, na injini itolewe ipelekwe nyumbani.